Usifungue Mlango Bado: Mashine ya Vyombo na Moyo Usiotakata Haraka

 

Vijana wenzangu wapendwa, leo nataka tutafakari juu ya kitu ambacho wengi wetu nyumbani hatuna, hata kwetu hakipo: mashine ya kuoshea vyombo. Msicheke kwanza. Nivumilieni kidogo, tutafika kwenye Maandiko.

Kama baadhi yenu mnavyojua, baada ya filosofia na mwaka wa kichungaji nilitumwa Roma kuendelea na teolojia. Likizo ya kiangazi, sisi tunaotoka mbali mara nyingi hatuwezi kurudi nyumbani, nauli ni kubwa, basi tunapelekwa kusaidia kwenye parokia. Mimi nilikaa kwenye parokia moja ya kijijini, kusini mwa Ujerumani. Baba Paroko ni mzee, amevuka miaka sabini, na anahudumia makanisa matatu peke yake. Kuna bibi mmoja mjane anayekuja kumsaidia kazi za jikoni.

Jumapili moja tulikuwa na wageni kwa chakula cha mchana. Walipoondoka, Baba Paroko akaniambia, "Frateri, panga vyombo kwenye mashine, ubonyeze hapo, basi." Jioni saa moja kamili halmashauri ya parokia ilikuwa inakuja kula palepale, kwa vyombo vilevile. Nikapanga, nikabonyeza. Kwenye kioo cha mashine ikaandikwa 3:40. Nikatazama saa ya ukutani, ni saa kumi kasoro robo. Nikasema moyoni, kumbe hata saa za Wajerumani zinachelewa dakika tano!

Haikuwa saa. Ulikuwa ni muda wa kuosha. Masaa matatu na dakika arobaini, kwa sahani na vikombe ambavyo dada yangu angevimaliza kwenye beseni kabla maharage hayajachemka.

Nilipotambua hilo nilipiga hesabu: itamaliza saa moja na dakika ishirini na tano. Wageni watakuwa wameshakaa. Nikavumilia hadi saa kumi na moja, nikashindwa. Nikafungua mlango. Mvuke ukanijia usoni. Nikatoa sahani moja, naiona nyeupe kabisa. Nikasema hii si imeshatakata? Hii mashine inapoteza muda tu. Nikatoa vyote, nikavipangusa na kitambaa, nikapanga meza, nikajiona mjanja sana.

Yule bibi akaja saa kumi na mbili na nusu. Hakusema kitu. Alichukua glasi moja, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Utando wa mafuta ulionekana kuanzia juu hadi chini. Akainusa: sabuni. Akaniuliza taratibu tu, "Frateri, nani alifungua mlango?"

Jamani, ile aibu! Tukaviosha upya kwa mikono, mimi na yeye, huku wageni wakisubiri sebuleni.

Kwa nini inachukua muda mrefu hivyo?

Usiku ule sikulala mapema. Niliingia mtandaoni kutafuta, maana nilikuwa na hasira na ile mashine. Na nilichokikuta kilinifundisha.

Mwaka 1959 mkemia mmoja Mjerumani aitwaye Herbert Sinner, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya sabuni ya Henkel, alieleza kwamba usafi wowote unategemea vitu vinne: sabuni, joto, nguvu ya kusugua, na muda. Alivichora kama duara lililogawanywa vipande vinne. Ukipunguza kipande kimoja, lazima uongeze kingine, la sivyo chombo hakitakati. Wanaojua Kiingereza watatabasamu, maana jina la huyu bwana kwa Kiingereza linasomeka "mdhambi". Duara la Mdhambi! Mimi niliona kama Mungu ananitania.

Sasa angalia. Kwenye mgahawa mkubwa au hoteli kuna mashine zinazoosha kwa dakika mbili tatu tu. Zinawezaje? Zina maji ya moto sana, dawa kali na msukumo wa nguvu, na kabla ya hapo vyombo vimeshakwanguliwa na kupigwa maji. Muda ni mdogo kwa sababu vile vitatu vingine ni vikubwa. Lakini mashine ya nyumbani, ukiiweka kwenye programu ya kubana matumizi, inatumia maji kama lita kumi tu kwa mzigo mzima, na joto kama nyuzi 50. Maji kidogo, joto la wastani. Kinachobaki kuongeza ni nini? Muda. Ndiyo maana programu hiyo inakwenda masaa matatu, hata manne. Haijaharibika na wala si mvivu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya muda huo unaandikwa kabisa kwenye lebo ya mashine inapouzwa dukani.

Tena kuna kitu kingine. Sabuni za siku hizi zina vimeng'enya vinavyovunjavunja wanga na protini. Ute wa yai uliokauka, uji ulioshika, hivyo havitoki kwa kupigwa maji tu. Vimeng'enya vinahitaji kukaa navyo, vivitafune polepole. Mama zetu wanalijua hilo bila kusoma kemia. Sufuria ya ugali yenye ukoko hawaanzi kuparuza nayo usiku. Wanaimwagia maji, wanaiacha hadi asubuhi, na asubuhi ukoko wenyewe unaachia. Ukilazimisha usiku kwa kisu, utatoboa sufuria.

Kwa hiyo nilipofungua mlango saa kumi na moja, sikufungua mashine iliyomaliza ikawa inajichelewesha. Nilifungua katikati ya kazi. Uchafu ulikuwa umeshaachia lakini haujaondoka. Suuza zilikuwa bado. Chombo kilionekana safi kwa macho yangu, ila kwenye mwanga wa dirisha hakikuwa safi.

Naamani kwenye maji ya sita

Hapo ndipo nilipomkumbuka Naamani, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5. Jemadari mkubwa wa Aramu, mtu wa heshima zake, lakini ana ukoma. Anafunga safari na fedha na dhahabu na mavazi ya kubadilisha, hadi mlangoni kwa nabii Elisha. Na Elisha hata hatoki nje! Anamtuma mtu kumwambia akajichovye mtoni Yordani mara saba.

Naamani anakasirika. Alitegemea nabii atatoka, atasimama, atamwita Mungu wake, atapitisha mkono juu ya kidonda, na kwisha. Kwa lugha yetu, alitaka programu ya haraka. Tena anasema mito ya kwao Damasko ni bora kuliko Yordani. Anageuza gari aondoke. Wanaomrudisha ni watumishi wake, kwa maneno ya upole: baba, kama angekuambia jambo gumu, si ungelifanya?

Basi anashuka. Anajichovya mara saba, na mwili wake unarudi kama wa mtoto mdogo.

Nakuomba usome sura hiyo leo, halafu uone kitu ambacho Biblia haikisemi. Haisemi kwamba mara ya kwanza alipona kidogo, mara ya pili akapona zaidi. Haisemi kitu juu ya katikati. Sasa mfikirie Naamani akitoka kwenye maji mara ya sita. Anajitazama mkono. Watumishi wako ukingoni wanamwangalia. Kama ukoma ulikuwa bado upo vilevile, pale mtu anawazaje? Si atasema, nimechovya mara sita, nimejidhalilisha mbele ya vijana wangu, na hakuna kilichobadilika, ngoja nitoke?

Wengi wetu tunaishi kwenye maji ya sita, na ni hapo wengi wanapotoka.

Niwaambie na ya kwangu

Nisingependa kuwahubiria kama mtu aliyeshafika. Niwaambie ukweli.

Kwa miaka miwili nilikuwa siongei na kaka yangu mkubwa. Baba alipofariki aliacha kiwanja. Mama alikuwa amepanda migomba pale, anauza ndizi kidogo kidogo. Kaka akakiuza bila kumwambia mtu. Mama alijua siku alipokwenda kukata ndizi akakuta watu wanachimba msingi.

Mimi niko seminari, kiwanja sikihitaji. Lakini kila nikimfikiria mama amesimama pale na panga mkononi, moyo wangu unawaka. Dhambi hiyo ya chuki nimeiungama mara nne, kwa mapadri wanne tofauti. Kila mara nimepewa maondoleo, nimefanya malipizi, nimetoka mwepesi. Na kila mara, jina la kaka likitokea tu kwenye simu, tumbo linakaza kama mwanzo.

Nikaanza kujiuliza maswali mabaya. Hivi hayo maondoleo yanafanya kazi kweli? Au mimi ndiye mnafiki? Na mtu kama mimi ndiye atakayekaa siku moja kitubioni na kuwaondolea wengine? Kuna usiku nilifikiria kumwandikia mlezi wangu kwamba narudi nyumbani.

Najua sipo peke yangu. Kuna kijana aliwahi kuniambia ameacha kwenda kuungama kwa sababu "ni yaleyale kila mwezi, namchosha Mungu". Yeye ni picha za ngono kwenye simu. Mwingine ni pombe. Mwingine ni uongo ambao sasa unamtoka hata bila kuufikiri. Tunaungama Jumamosi, Jumatano tuko palepale, na tunasema hii mashine ni mbovu.

Hapa tusichanganye mambo

Ndugu zangu, hapa inabidi tutofautishe, maana walimu wangu wa filosofia walinifundisha kwamba mtu akichanganya vitu viwili atateseka kwa vyote viwili.

Kitu cha kwanza: msamaha wa Mungu katika sakramenti ya Kitubio hauna programu ya masaa matatu. Padri anapotamka maneno ya maondoleo, na wewe umetubu kweli, umesamehewa. Sio nusu. Sio "rudi kesho tuendelee". Mungu hayumo ndani ya duara la bwana Sinner. Kwa hiyo zile mara nne nilisamehewa mara nne, kwa ukamilifu, na yeyote anayesema Mungu amechoka naye anamsingizia Mungu.

Kitu cha pili: Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inatufundisha kwamba maondoleo yanafuta dhambi lakini hayatengenezi mara moja yale yote ambayo dhambi imeyavuruga. Mtu aliyenyanyuka kutoka dhambini bado anahitaji kurudishiwa afya yake ya kiroho. Yaani deni limefutwa, lakini mazoea yamebaki. Kidonda kimesafishwa, lakini ngozi bado inaota. Mtakatifu Tomaso, akimfuata Aristotle, anaeleza kwamba tabia, nzuri au mbaya, hujengeka kwa matendo yanayorudiwa. Sasa kama ulijenga tabia kwa miaka mitano kwa kurudia, kwa nini unashangaa kwamba haibomoki Jumamosi moja jioni?

Unaweza kusema, mbona Mtakatifu Paulo alibadilishwa mara moja njiani kwenda Damasko? Ni kweli, yule aliwekwa kwenye mashine ya hoteli! Lakini hata yeye soma vizuri. Alikaa siku tatu haoni, hali wala hanywi. Na katika barua kwa Wagalatia, sura ya 1, anasema mwenyewe kwamba alikwenda Arabuni, akarudi Damasko, na ilikuwa baada ya miaka mitatu ndipo akapanda Yerusalemu kumwona Petro. Yule kipofu wa Bethsaida naye, katika Marko 8, Yesu mwenyewe alimwekea mikono mara mbili. Mara ya kwanza aliona watu kama miti inayotembea. Kama Bwana hakuona aibu kugusa mara ya pili, wewe kwa nini uone aibu kurudi mara ya pili?

Usioshe kabla ya kuosha

Jambo lingine nililojifunza kwenye ile mashine. Mashine nyingi za kisasa zina kihisi, kijidude kinachopitisha mwanga ndani ya maji ili kujua maji ni machafu kiasi gani. Yakiwa machafu, mashine inaongeza nguvu na muda. Yakiwa meupe, inapunguza. Ndiyo maana wataalamu wanashauri usisuuze vyombo kabla ya kuviweka. Kwangua mabaki tu, inatosha. Ukisuuza nje kukapendeza, mashine inadhani kazi ni ndogo, inaosha kijuujuu, na ule uchafu ulioshika unabaki.

Sasa wangapi kati yetu tunakwenda kitubioni tukiwa tumeshajisuuza? "Padri, nimekuwa na kasoro katika upendo." Kasoro katika upendo ndiyo nini? Mimi mwenyewe mara zote nne nilisema, "Nina mawazo yasiyo mazuri juu ya ndugu yangu." Maneno masafi, ya kiseminari kabisa. Sikusema, "Padri, namchukia kaka yangu, na kuna siku nilitamani apate hasara." Yesu aliwaambia Mafarisayo, katika Mathayo 23, waanze kusafisha kikombe kwa ndani. Mpeleke Mungu chombo kama kilivyotoka mezani, na mchuzi wake. Hatakushangaa.

Tufanye nini basi?

Sitawaambia "haraka haraka haina baraka", mmeshaisikia tangu chekechea. Nasema hivi: kumbukeni lile duara. Ukitaka muda upungue, ongeza vingine. Tatizo letu ni kwamba tunataka dakika thelathini, lakini sala yetu ni ya baridi, sakramenti ni mara mbili kwa mwaka, na kusugua hatutaki kabisa, simu tunalala nayo chini ya mto. Kisha tunalaumu muda.

Na tena, muda peke yake hauoshi. Vyombo vikikaa masaa matatu ndani ya mashine iliyozimwa vitatoka vichafu vilevile, na vitakuwa vimekauka zaidi. Kusema "Mungu ana wakati wake" huku hufanyi chochote sio subira ya Kikristo. Naamani hakukaa ukingoni akisubiri. Alishuka majini mara saba.

Mambo matatu kwa wiki hii:

1. Chagua dhambi moja ambayo umeichoka kuiungama. Iandae kwa jina lake halisi, bila kuisuuza, uende nayo kitubioni.

2. Ukianguka tena baada ya hapo, rudi. Usisubiri Pasaka.

3. Tafuta tendo moja dogo la kusugua, la kila siku, linalokwenda kinyume na dhambi hiyo. Dogo, lakini la kila siku.

Langu lilikuwa simu. Jumapili iliyofuata niliungama kwa Baba Paroko, safari hii kwa maneno machafu kama yalivyo. Aliniambia malipizi yangu ni kumwombea kaka Salamu Maria moja kila siku kwa mwezi mzima, nimtaje kwa jina. Siku ya kwanza nilisali meno yakiwa yamekaza. Siku ya kumi na mbili nikajikuta nimemtaja bila tumbo kuuma. Siku ya ishirini nikampigia.

Ikaita sana. Akapokea.

"Shikamoo kaka."

Kimya kidogo. "Marahaba. Dogo. Huko baridi?"

"Sasa hivi joto."

"Aha. Mama mguu wake unaendelea vizuri. Nilimpeleka hospitali juzi."

Hilo sikulijua. Tuliongea kama dakika nne. Kiwanja hatukukigusa, na lazima siku moja tukiguse, maana mama anastahili haki yake na mimi sitaki amani ya kufunika uchafu. Lakini tuliongea. Sijui kama niko maji ya tatu au ya sita. Ninachojua ni kwamba bado nimo mtoni, na mlango sijaufungua.

Tusali:

Bwana Yesu, wewe uliyewaosha miguu wanafunzi wako mmoja mmoja bila haraka, unioshe na mimi. Unisamehe haraka yangu. Pale ninapojiona tayari niko safi, nionyeshe kwenye mwanga wako. Pale ninapojiona sitakati kamwe, nishike nisitoke majini. Uwabariki wale niliowakosea na walionikosea. Amina.

Tuombeane, vijana wenzangu. Na mkiwa na mama jikoni leo, hiyo sufuria yenye ukoko loweka wewe, na asubuhi uioshe wewe.

Frateri wenu.